Sura ya Saba: Mashine Inayochoka Kabla ya Rangi

Gari jeusi lililoegeshwa kivulini humficha mwenyewe mambo mengi. Litoe nje saa sita mchana, utazame pale jua linapojiakisi kwenye boneti. Kuzunguka ile nuru utaona nyuzi nyembamba, mamia kwa mamia, zimejikunja duara. Mafundi wanauita utando wa buibui. Ukisogea hatua mbili, utando nao unasogea. Kwa kweli mikwaruzo hiyo haikujipanga duara hata kidogo. Imekwenda kila upande. Ni ile tu iliyoukingama mwanga ndiyo inayourudisha machoni mwako, na mingine inabaki kimya mpaka ubadilishe mahali pa kusimama. Gari jeupe au la rangi ya fedha linayo mikwaruzo ileile, ila jicho haliioni upesi.

Mwenye gari akishaiona hawezi tena kutoiona. Amesikia kuna mashine ya kuiondoa, basi anakwenda Kariakoo, au Kirinyaga Road kama yuko Nairobi, na swali lake ni moja: ipi ina nguvu zaidi? Muuzaji hupenda sana swali hilo, kwa sababu jibu lake limeandikwa kwenye boksi kwa wati. Mimi ningependa msomaji wangu aingie dukani na swali jingine: ipi itasimama yenyewe kabla sijaharibu? Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo tofauti ya mng'ao na kupaka rangi upya.

Kwanza tujue tunachokata

Rangi ya kiwandani ya gari la kisasa ina tabaka nne hivi. Chini kabisa, juu ya bati, kuna kinga ya kutu ambayo hupakwa kwa kuzamisha bodi nzima kwenye dimbwi lenye umeme. Juu yake inakuja praima, kisha rangi yenyewe, ambayo ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani, na mwisho klia, tabaka isiyo na rangi inayobeba mng'ao na kuikinga rangi na jua. Zote kwa pamoja kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake huwa mikroni 35 hadi 50. Unywele wa kichwani una mikroni 70 hivi. Kwa hiyo kila tutakachozungumza katika sura hii kinafanyika ndani ya unene mdogo kuliko unywele mmoja.

Mkwaruzo hauzibwi. Kinachofanyika ni kukata klia ya pembeni yake mpaka uso wote ulingane na kina cha mkwaruzo, na hapo mwanga haupati tena ukingo wa kugonga. Klia ni mche wa sabuni: kila ukiitumia imepungua, na hakuna siku itakayoongezeka. Polishi nyepesi huchukua mikroni moja au mbili; kompaundi kali yenye pedi ya manyoya inaweza kuchukua mara kadhaa ya hapo. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, acha. Mkwaruzo huo umezama kupita kiasi, na ukiung'ang'ania utafika kwenye rangi kabla hujafika mwisho wake.

Kuna magari yasiyo na klia kabisa. Fungua boneti ya Toyota iliyotoka Japani, utafute kibati cha chasisi kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva, usome sehemu iliyoandikwa C/TR. Herufi na tarakimu za kwanza ni namba ya rangi. Toyota nyingi nyeupe za namba 040 zilipakwa rangi ya tabaka moja, bila klia juu. Ukipiga polishi, pedi inageuka nyeupe, na mtu asiyejua hushtuka akidhani ameshatoboa. Hajatoboa, anakata rangi yenyewe, ambayo hapo ndiyo iliyo juu. Lakini kwenye gari jekundu lenye klia, pedi ikigeuka nyekundu, zima mashine. Hapo klia imekwisha.

Ugumu nao hutofautiana. Nyeusi 202 ya Toyota ina sifa mbaya duniani kote kati ya watu wa kazi hii: ni laini kiasi kwamba hata kitambaa cha kufutia kikiwa na kichembe kimoja kinaacha alama. Magari mengi ya Kijerumani yana klia ngumu inayochosha mkono. Nissan nao mwaka 2005 walitangaza klia ya mpira-mpira ambayo mikwaruzo yake midogo hujifunga yenyewe ikipata joto, jambo lililowapa wenye X-Trail fulani raha ambayo hawakuitolea jasho. Sisemi haya ili ukariri namba. Nasema kwa sababu mashine inayofaa gari la jirani inaweza kuwa kali mno kwa lako.

Rotari, na ndugu yake asiyealikwa

Mashine ya kwanza utakayoonyeshwa ni rotari. Injini inazungusha sahani, sahani inazungusha pedi, kila kitu kwenye mhimili mmoja, kwa kawaida kuanzia mizunguko 600 hivi hadi 3000 kwa dakika. Ndiyo mashine ya mafundi rangi wa zamani, na wanaoijua huifanyia maajabu: wanaondoa alama za msasa namba 2000 kwenye mlango mzima wakati mtu mwingine hajamaliza kubandika tepu. Sina ugomvi nayo. Ninagombana na anayeiuza kwa mtu wa mara ya kwanza.

Tufanye hesabu. Pedi ya milimita 150 ina mzingo wa sentimita 47. Kwa mizunguko 1500 kwa dakika, ukingo wa pedi unakwenda karibu mita 12 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 40 kwa saa, ukisugua njia ileile. Msuguano huo unazaa joto, na joto halina mahali pa kwenda upesi, hasa kwenye bampa la plastiki ambalo halipitishi joto kama bati. Ukisimama mahali pamoja kwa sekunde chache, klia inalainika na kuvutika. Kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti hali ni mbaya zaidi, maana uzito wote wa mkono unaangukia mstari mwembamba. Nenda kwenye gereji yoyote yenye rotari utazame kingo za milango ya magari ya wateja. Utakuta mstari wa kijivu, mwembamba wa urefu wa kidole, ambapo praima imechungulia. Mteja akiuliza, ataambiwa, "Hiyo ilikuwepo, bosi."

Hata pasipo kuunguza, rotari mikononi mwa asiyezoea huacha alama zake: mawimbi mapana yanayofuata njia ya pedi, yanayoonekana juani na kuhama unapotembea. Gari linatoka kivulini linang'aa, likifika kwenye taa za kituo cha mafuta usiku linaonyesha kila mahali mashine ilipopita. Umeondoa utando wa buibui, ukaweka ramani.

Ndugu yake asiyealikwa ni grinda. Grinda nyingi zina skrubu ya M14, na sahani za pedi za rotari zina nati ya M14, kwa hiyo zinaingiana vizuri kabisa, na hilo ndilo balaa lake. Grinda ya kawaida hukimbia mizunguko 11,000 kwa dakika. Ile pedi yetu ya milimita 150 ikifungwa hapo, ukingo wake unakwenda mita 86 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Pedi inaweza kupasuka na kuruka kabla hata rangi haijaungua. Fundi atakayekuambia "hii hii tu inafanya kazi" mshukuru, uchukue ufunguo wako, uondoke.

Obitali

Mashine ninayotaka tukae nayo ni obitali. Ukiitazama ikiwa imezimwa inafanana na rotari, lakini ndani yake sahani haikufungwa katikati ya mhimili. Imewekwa pembeni kidogo, juu ya beringi inayoiacha izunguke kwa hiari yake. Injini inapozunguka, sahani nzima inatikiswa kwa mduara mdogo, maelfu ya mara kwa dakika, na wakati huohuo pedi inajizungusha polepole kwa sababu ya mtikiso huo. Mwendo wa aina mbili kwa pamoja. Chembe ya kompaundi haipiti njia moja mara mbili mfululizo, ndiyo maana mashine hii haiachi yale mawimbi, na ndiyo maana joto lake ni dogo.

Upana wa ule mduara mdogo ndio kipimo cha kwanza cha obitali, na huandikwa kwa milimita: 8, 12, 15, 21. Kwa obitali ya milimita 15 inayotikisika mara 4500 kwa dakika, mwendo wa mtikiso ni mita tatu na nusu hivi kwa sekunde. Ukilinganisha na zile mita 12 za rotari utaelewa kwa nini moja inakupa muda wa kufikiri na nyingine haikupi.

Lakini sifa kubwa ya obitali ni ile wauzaji wanayoitaja kwa aibu. Ukiikandamiza sana, pedi inaacha kuzunguka. Ukiilaza upande ikagusa kwa ukingo, inaacha kuzunguka. Ukiipandisha kwenye mkunjo mkali wa bodi, inaacha kuzunguka. Inatikisika tu, na ukataji unashuka karibu na sifuri. Wanaotaka nguvu wanaona huo ni udhaifu. Kwa maoni yangu huo ndio uzuri wake, na ndiyo sababu ya kuinunua: mashine inachoka kabla rangi haijachoka. Makosa yaleyale ambayo kwenye rotari yangekula klia, hapa yanakupotezea dakika tu.

Chukua kalamu nyeusi ya wino usiofutika, uchore mstari mnene kwenye ukingo wa sahani, kutoka juu hadi chini. Washa, weka pedi juu ya boneti, utazame mstari. Ukiuona unapita, pita, pita, kama mara moja au zaidi kwa sekunde, unakata. Ukiona umesimama na kutetemeka mahali pamoja, hukati. Punguza mkono au nyoosha mashine mpaka uanze kwenda tena. Kwa alama hiyo ya bure mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua kila wakati kinachoendelea chini ya pedi. Nimeona mafundi wenye uzoefu mkubwa wakichora mstari huo kwenye kila sahani mpya, na hawaoni haya.

Milimita ngapi, basi? Zile za 8 zilitangulia, na nyingi zilitokana na mashine za kupigia msasa mbao. Ni rahisi kwa bei, ni nyepesi, zinaingia penye nafasi ndogo, na kwa klia laini ya Kijapani zinatosha. Ubaya wake ni kwamba zinachoka upesi mno: mkunjo kidogo tu, mstari umesimama. Baadaye kampuni ya Rupes ya Italia, iliyoanza mwaka 1947, ikaleta mashine zake za Bigfoot zenye milimita 15 na 21, na soko zima likafuata. Mduara mpana unafunika eneo kubwa zaidi kwa kila mtikiso na kumaliza paneli upesi.

Hapa watu wanajichanganya, wanadhani kubwa ndiyo bora. Angalia gari ulilonalo. Ya 21 hubeba sahani ya milimita 150, na inataka uwanja: paa la Alphard, boneti ya Land Cruiser, milango ya Prado. Ipeleke kwenye Vitz au Passo, ambako karibu kila paneli imepinda na hakuna penye nafasi ya kupumua, utashinda siku nzima unatazama mstari uliosimama. Kwa magari yanayojaza barabara zetu, ya 15 yenye sahani ya milimita 125 ndiyo inayokwenda kila mahali. Kwenye nguzo za milango, vioo vya pembeni na mashavu ya bampa utahitaji kamashine kadogo ka pedi ya milimita 75, au mkono wako na subira.

Ipo aina ya tatu, obitali ya gia, ambayo pedi inatikisika na kuzungushwa kwa lazima. Maarufu zaidi ni Flex XC 3401 VRG ya Ujerumani, yenye milimita 8. Haisimami kwenye mkunjo wala ukikandamiza. Kwa anayefanya kazi hii kila siku kwenye klia ngumu ni mashine ya maana sana. Kwa anayeanza, imemwondolea ile rehema niliyoisifu hapo juu. Cha kuchekesha ni kwamba kampuni hiyohiyo ndiyo iliyobuni grinda ya pembe, mwaka 1954. Grinda na dawa yake vimetoka nyumba moja.

Kaunta ya duka

Maandishi ya boksi hayaaminiki. Neno la polishi huandikwa kwenye rotari, kwenye obitali, na hata kwenye mashine za msasa zenye mtikiso wa milimita 2 au 3 ambazo zikifungwa pedi haziondoi chochote cha maana kwenye klia. Omba mashine itolewe, usiiwashe, uzungushe sahani kwa kidole. Sahani ikizunguka na katikati yake ikabaki palepale, na ukahisi injini ikizunguka nayo, hiyo ni rotari. Ikizunguka kwa ulaini bila kuigusa injini, na unapoisukuma pembeni katikati yake inahama na kuchora mduara, hiyo ni obitali. Ikihama hivyo lakini ikakataa kuzunguka peke yake, ni ya gia. Kagua hayo kabla ya kusoma wati hata moja.

Kisha iwashwe. Mashine nzuri huanza polepole na kupanda. Mbaya inaruka mkononi na kutawanya kompaundi hadi kwenye kioo. Iache ikimbie dakika mbili bila mzigo, uishike kwa mikono yote miwili. Mtikiso upo na utakuwepo, lakini usiwe wa kufanya vidole vife ganzi, maana gari moja ni kazi ya saa kadhaa, na mashine nyingi hizi zina kilo mbili na nusu hadi tatu. Geuza kidude cha kasi kutoka 1 hadi 6 usikie kama kila namba inabadilisha sauti. Uliza kaboni za akiba. Uliza sahani ya akiba, maana ndiyo inayokufa kwanza: joto linakula nailoni inayoshika pedi. Kama muuzaji hana sahani wala hajui skrubu yake ni ya ukubwa gani, amekuuzia mashine ya msimu mmoja.

Umeme wetu ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, hezi 50. Mashine kutoka Dubai zinafaa bila shida, hata plagi ni ileile ya miguu mitatu. Zinazotumwa na ndugu kutoka Marekani ni za volti 120, na Japani ni volti 100. Ukizichomeka ukutani bila transfoma utasikia harufu kabla hujasikia sauti. Waya wa kuunganishia nao usiwe ule mwembamba wa kuchajia simu. Mashine za betri zipo na ni nzuri, ila ununue betri mbili, au ujiandae kumaliza nusu ya gari.

Kuhusu bei nitasema jambo moja tu. Obitali ya Kichina isiyo na jina kubwa, iliyopita mitihani ya kaunta niliyoitaja, ikiwa na pedi nzuri na kompaundi nzuri, itaishinda mashine ya Kizungu yenye pedi za kubahatisha. Usimalize pesa zote kwenye injini.

Kinachogusa rangi si mashine

Kinachogusa rangi ni pedi na kile kilichopakwa juu yake. Pedi za manyoya na za maikrofaiba hukata zaidi. Za sponji ngumu hukata kiasi. Za sponji laini humalizia. Rangi za pedi hazina sheria ya dunia, kila kampuni ina zake, kwa hiyo usinunue "ile ya chungwa" kwa kuambiwa. Bonyeza kwa kidole. Nunua zaidi ya unavyodhani: pedi moja haimalizi gari. Inajaa vumbi la klia na kompaundi iliyokauka, inapata joto, na sponji ya katikati inaanza kuyeyuka. Kila baada ya paneli ipigwe brashi au upepo wa kompresa, na ikilowa sana ibadilishwe.

Gari lioshwe vizuri kwanza na kupitishwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, la sivyo utaubeba mchanga na kuuzungusha mara 4500 kwa dakika. Likae kivulini, bati likiwa baridi kwa kiganja. Chagua eneo la sentimita 40 kwa 40 katikati ya boneti, anza na pedi laini na polishi nyepesi. Matone manne ya ukubwa wa punje ya njegere yanatosha. Sambaza kwa kasi ya chini, kisha panda hadi namba 4 au 5, nenda taratibu, sentimita mbili au tatu kwa sekunde, mistari ikipandiana nusu kwa nusu. Kwanza kushoto kulia, halafu juu chini. Mapito manne hadi sita. Futa, mulika kwa tochi. Mikwaruzo ikiondoka, umepata dawa ya gari zima. Isipoondoka, badilisha kompaundi kwanza, kisha pedi, na kasi iwe ya mwisho. Asiyekubali kufanya jaribio hili la eneo dogo asishike mashine ya aina yoyote.

Halafu kuna mng'ao wa uongo. Kompaundi nyingi zina mafuta, na polishi nyingi za bei rahisi zina silikoni, vitu vinavyojaza mikwaruzo na kuificha. Gari linatoka gereji linawaka, mwenyewe analipa kwa furaha, na baada ya kuoshwa mara mbili tatu utando uleule umerudi. Haukurudi, haukuwahi kuondoka. Changanya alkoholi ya isopropili na maji, sehemu kidogo ya alkoholi kwa nyingi za maji, nyunyiza kwenye lile eneo la jaribio, ufute kwa maikrofaiba safi, ndipo utazame. Ukimpa mtu gari lako alifanyie kazi hii, mwombe afute hivyo mbele yako, juani, kabla ya kupaka nta. Anayefanya kazi ya kweli hatakataa.

Gari lililopakwa rangi mtaani linahitaji tahadhari zaidi. Kama halikuingia oveni, liache wiki kadhaa likauke kabla ya kuligusa. Kipimo cha unene wa rangi, kile kinachobandikwa juu ya bati na kusoma mikroni, kinasema mengi: ukikuta 120 kwenye paa na 400 kwenye mlango, mlango huo umeshawahi kunyooshwa na kupigwa pati. Ukikuta 80, huenda kuna aliyekutangulia na mashine. Kwenye bampa la plastiki kipimo cha kawaida hakisomi kitu, basi hapo tumia mkono mwepesi.

Mikwaruzo inakotoka

Karibu yote inatoka kwenye kuosha na kufuta. Mlinzi anayefuta vumbi alfajiri kwa tambara kavu ana nia njema kabisa, lakini vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia yoyote. Kijana wa kuosha magari ana ndoo moja, sabuni ya unga na sponji iliyoanguka chini ikaokotwa. Ukilipiga gari polishi Jumamosi na kulirudisha kwao Jumatatu, mwezi hautaisha kabla hujaanza kutafuta mashine tena. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, shampuu ya gari, glavu ya maikrofaiba, na maji mengi kabla ya kugusa chochote. Vumbi la asubuhi liachwe lilivyo, au lioshwe kwa maji.

Kwa mwenye gari moja au mawili, na hata kwa kijana anayetaka kufungua kibanda cha kazi hii, hukumu yangu ni obitali ya milimita 15, sahani ya 125, pedi sita, polishi nyepesi moja na kompaundi ya kati moja. Rotari mwachie fundi rangi. Ukataji wa gari zima usiwe desturi ya kila mwaka. Mikwaruzo ikirudi kidogo, piga paneli ile tu iliyochoka. Na ukimaliza, andika kwenye kitabu cha sevisi tarehe, paneli ulizopiga na kompaundi uliyotumia. Atakayelinunua gari hilo baada yako, kama hana kipimo, hatakuwa na njia nyingine ya kujua klia iliyobaki.